Chipu ya Miguu Minane

Kwa miaka tisa kiti cha dirishani kilikuwa cha Sindano. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye mlango wa chuma unaofungukia barabarani na meza mbili ndefu alizoziacha baba yao, fundi redio, alipofariki. Meza ya ndani ilikuwa ya kaka yake. Kaka ndiye aliyepokea wateja, akazifungua kompyuta na kuutafuta ugonjwa. Meza ya dirishani ilikuwa ya kazi ndogondogo: kulehemu, kubadilisha chipu, kuunga njia za shaba nyembamba kuliko unywele. Hapo palikuwa na taa yenye lenzi, bloa ya hewa moto, vibano vitano vilivyopangwa kwa urefu, na dada mtu mwenye mkono usiotetemeka. Jina la Sindano alipewa na baba yake akiwa na miaka kumi na miwili, mtaa ukalidaka, na sasa hata mama aliyemzaa hakumwita jingine.

Kaka mtu alimzidi miaka miwili. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Akikwama, aliisukuma bodi hadi ukingo wa meza na kusema, "Mdogo wangu, hebu." Basi. Sindano alivuta taa, akainamia kazi, na kaka yake akasimama nyuma yake akipumulia puani mpaka iishe. Ikiisha alisema, "Safi." Kwa Sindano, neno hilo moja lilitosha kumfikisha kesho yake.

Kisha kaka akaoa.

Bibi harusi alikuwa mchoraji wa majengo. Alichora kwa kompyuta, na nyumba isiyokuwa na hata tofali moja ukaiona imesimama, madirisha yake, ngazi zake, hata kivuli cha saa kumi kimelala ukutani. Alihamia na mashine yake, wakaiweka pembeni mwa meza ya kaka. Wateja nao hawakukawia kupata utani. "Hapa mna wifi?" waliuliza mlangoni, simu mkononi. "Tunaye mmoja," kaka alijibu, "tena ana kasi kweli." Wiki ya kwanza Sindano alicheka. Wiki ya tatu alijifanya hajasikia.

Tatizo ni kwamba hapakuwa na pa kumshikia. Laiti mwanamke yule angekuwa mvivu, au mchoyo, au mwenye mdomo, Sindano angejua la kumchukia. Lakini aliamka mapema, alimheshimu mama mkwe, na akipita nyuma ya Sindano alisema, "Pole na kazi, wifi." Asubuhi moja Sindano alikuta droo za skrubu zimebandikwa karatasi mpya, zenye mwandiko ulionyooka kama wa kitabuni. Karatasi zake mwenyewe, zilizofifia, zilikuwa zimebanduliwa na kuwekwa vizuri kwenye bahasha. Wifi yake hakuzitupa. Hilo nalo lilimuuma, kwa kuwa hangeweza kulilalamikia.

Mashine ya wifi ilikuwa na kadi ya picha ya mtumba, aliyoinunua kaka kwenye ofisi iliyofungwa. Ndiyo iliyofanya kazi nzito ya kuigeuza michoro kuwa picha, na ilikuwa inajikokota. Wifi alisoma kwa siku tatu mfululizo, daftari mapajani, na siku ya nne wakati wa chai akasema:

"Hii kadi ina ndugu yake."

"Ndugu gani?" kaka aliuliza.

"Kiwanda kimetengeneza bodi moja, kikaipa majina mawili. Ile ya bei kubwa imeachwa ikimbie. Hii yetu imefungwa breki. Na breki yenyewe si chuma, ni programu tu iliyomo ndani ya chipu moja ndogo. Ndiyo inayoiambia kadi itumie umeme kiasi gani, ikimbie kiasi gani. Tukiitoa hiyo, tukaiwekea ya ndugu yake, breki imetoka."

"Kuflashi," alisema kaka, na macho yakamwaka.

Sindano aliweka kikombe chini. "Na ikikataa? Simu ngapi zimeletwa hapa zimeflashiwa zikafa, zikawa matofali?"

"Ni kweli kabisa, wifi," mwenzake alijibu. "Ndiyo maana kwanza naihifadhi ya zamani. Ikikataa, nairudisha."

Jibu lilikuwa la adabu, na lilikuwa sahihi. 

"Mdogo wangu," kaka alisema, "mpishe kidogo hapo dirishani. Meza yako ndiyo yenye betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kuflashi, tumekwisha."

Sindano akainuka. Miaka tisa, na hakuwahi kumpisha mtu pale. Wifi alikaa, akakisogeza kiti mbele kwa kuwa miguu yake ilikuwa mifupi, akaanza. Aliihifadhi programu ya zamani. Akaiita mpya. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye skrini, taratibu kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Kaka alisimama nyuma ya mkewe akipumulia puani. Sindano aliisikia pumzi ile na akajua ilivyo shingoni.

Mstari ulifika mwisho. Wakazima, wakawasha. Skrini ilikaa giza sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo Sindano alijikuta akiomba kitu ambacho hakutaka kukitazama vizuri moyoni mwake. Kisha picha ikaja. Feni zikavuma kwa sauti mpya. Jaribio la kasi lilipomalizika, namba ilikuwa imepanda kwa zaidi ya moja ya tano.

"Injinia!" kaka alipaza sauti, akaushika mkono wa mkewe na kuuinua juu kama wa bondia aliyeshinda. "Jamani, tuna injinia ndani ya nyumba!" Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini, akaelezwa, hakuelewa, akapiga vigelegele hivyohivyo.

Sindano alisimama kando akiwa na kikombe chake. Kwake, kaka aliwahi kusema "Safi". Hakuwahi kuinua mkono wa mtu.

Habari za mtaani hazihitaji miguu. Mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta alikuja na kadi sita, wiki iliyofuata wakaja wachezaji mmojammoja, kila mtu anataka kadi yake itolewe breki. Wifi aliwapokea jioni baada ya michoro yake. Kila kadi aliipa ukurasa kwenye daftari: jina la mwenyewe, programu ya zamani imehifadhiwa wapi, mpya ni ipi, joto limefika ngapi. Na kwa kuwa betri ilikuwa dirishani, kila jioni Sindano alihamishia vibano vyake meza ya ndani. Hakuambiwa. Alihama mwenyewe kabla hajaombwa, ili asiombwe.

Siku moja mwanamume wa makamo mwenye miwani aliingia, akamkuta Sindano peke yake ameinamia bodi. "Dada, Injinia yupo?"

"Hayupo."

"Wewe ndiye msaidizi wake?"

Sindano alimtazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Wifi yake alikuwa uani anaanika nguo, hatua kumi tu kutoka hapo. "Hayupo," alirudia, "na leo harudi." Mteja akaondoka. Sindano akarudi kwenye bodi, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni akaona ncha ya kibano inacheza.

Kuanzia hapo wivu haukumbanduka. Alihesabu. Kaka amemwita mkewe mara ngapi tangu asubuhi, amemwita yeye mara ngapi. Wawili hao wakicheka mbele ya skrini, aliuliza, "Nini?" na wakamweleza, na alipoelezwa hapakuwa na kichekesho. Mama aliposema mezani, "Huyu mkwe wangu ana kichwa," Sindano aliosha vyombo vyote peke yake kwa kishindo hadi mama akauliza sahani zimemkosea nini. Na kwa siri, simu ikiwa chini ya mto, alikuwa akisoma yaleyale aliyoyasoma wifi. Programu za kadi, aina za kumbukumbu, umeme na joto. Hakumwambia mtu. Hakutaka kufundishwa na yule; alitaka siku moja wifi amkute ameshafika.

Kisha ikaja kazi kubwa. Mkandarasi mmoja aliyekuwa akigombea kujenga maktaba ya ghorofa mbili alimtaka wifi atengeneze filamu: mtazamaji aingie mlangoni, apande ngazi, apite kati ya rafu, atoke barazani hadi kwenye maegesho ya magari. Filamu ya dakika nne, maelfu ya picha, kila picha ikipikwa na kadi peke yake. Wifi akapiga hesabu. Kadi ikikimbia bila kupumzika ingechukua siku saba. Kikao cha kamati kilikuwa baada ya siku tisa.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuanza, wifi na kaka walikwenda kwenye kiwanja kupima mteremko wa ardhi. Mama alikuwa kwa jirani. Sindano alibaki na karakana, na kadi, na kiti chake.

Wazo lilikuwa limemkaa siku nyingi. Kwenye simu yake alikuwa ameipata programu nyingine, ya kadi ndugu ileile, lakini iliyoruhusu umeme mwingi zaidi kuliko aliyoiweka wifi. Aliyeiandika alijisifu kuwa inaongeza kasi juu ya kasi. Sindano aliwaza: siku saba zitakuwa tano. Akamwona kaka yake anarudi, anaiona namba, anauliza nani kafanya. Akajiona mwenyewe hainui hata kichwa, anajibu, "Ah, nimeiongezea kidogo tu." Aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo mpaka yakawa laini.

Akaihamisha mashine dirishani. Kuhifadhi programu iliyopo hakuhifadhi. Wifi anayo kwenye daftari lake na mafaili yake, ya nini tena. Akaianzisha mpya. Programu ya kuflashi ikamuuliza kama ana uhakika, maana kitu fulani hakilingani. Alisoma onyo lile mara mbili. Angeweza kuacha. Akabonyeza ndiyo.

Mstari ulitambaa, ukafika. Akazima, akawasha.

Giza.

Akasubiri. Akazima, akavuta waya, akahesabu hadi sitini, akawasha. Feni za kadi zilizunguka kidogo, zikasimama. Akachomoa kadi, mashine ikawaka vizuri kwa picha yake ya kawaida. Akairudisha, mashine ikagoma kabisa. Alijua sasa ni nini, na alijua ikiwa imeshachelewa: ile programu ilikuwa ya kadi zenye chipu za kumbukumbu za aina nyingine. Jina moja la kadi, ndani mambo mawili. Wifi angelikagua hilo kwanza. Liliandikwa katika kila ukurasa wa daftari lake.

Sindano alirudisha mashine pembeni mwa meza ya kaka, akapangusa vumbi pale ilipokuwa imeegemea, akaketi.

Walirudi saa tisa, viatu vimejaa udongo mwekundu. Wifi aliwasha mashine ili aanze kazi. Haikuwaka. Akajaribu njia zote alizozijaribu Sindano, kwa utaratibu uleule, na kila hatua Sindano alijua inayofuata.

"Imekufa," wifi alisema mwishoni. Uso wake ulikuwa umepauka. "Jana ilikuwa nzima."

Kaka alipiga ngumi kiganjani. "Tumeizidisha. Miezi yote hii tunaikimbiza kuliko ilivyoumbwa, ilitarajiwa nini? Na mimi mjinga nashangilia."

Hapo ndipo Sindano alipokuwa na nafasi ya kusema. Akasema, lakini alichosema kilikuwa, "Mimi nilionya."

Kaka akatikisa kichwa. "Ulionya, mdogo wangu. Kweli ulionya. Laiti ningekusikiliza."

Alikuwa amelisubiri neno hilo kwa miezi. Lilipokuja, lilikuwa kama maji ya bomba lenye kutu: kiu ipo, lakini hayanyweki.

Wifi hakujitetea. Aliingia chumbani, na kupitia ukuta Sindano alimsikia anapenga makamasi. Jioni hiyo, na kesho yake asubuhi, kaka alizunguka mjini kuulizia kadi ya kuazima, akarudi mikono mitupu. Mchana wifi alitoka, macho yamevimba, kadi ameibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba ndege mgonjwa. Hakwenda kwa mumewe. Alikuja dirishani.

"Wifi, naomba mkono wako."

"Wa nini?"

"Mashine haiioni kabisa, kwa hiyo siwezi kuiandika kwa njia ya kawaida. Nimejaribu kuibana chipu kwa kibano cha kusomea ikiwa palepale kwenye bodi, inasoma takataka. Lazima ing'olewe, iandikwe nje, irudishwe. Hii hapa." Alionyesha kwa ncha ya kalamu. Chipu nyeusi, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, miguu minne huku na minne huku. "Mimi nikiigusa nitaiua. Kaka yako naye amesema hawezi. Amesema ni wewe tu."

Sindano alivuta taa. "Sawa. Naing'oa, unaandika ya zamani, narudisha."

"Kabla sijaandika, nitaisoma kwanza."

Mkono wa Sindano ulisimama juu ya bloa. "Uisome ya nini? Imeshaharibika. Andika tu, muda unakwenda."

"Hapana. Lazima nijue nilikosea wapi." Wifi alikaa kwenye kiti cha pembeni na kulifungua daftari. "Nimewafungulia watu kadi ishirini na mbili. Ikiwa yangu imekufa kwa kosa langu, zao nazo ziko njiani kufa. Itabidi nimpigie kila mmoja azirudishe, niziwekee zote breki zao. Siwezi kulala na jambo hilo."

Sindano akawasha bloa. Ikavuma. Alipaka grisi ya kulehemu kwenye miguu ile minane, akazifunika kwa karatasi ya kuzuia joto sehemu zilizo jirani, akashusha mdomo wa hewa.

Risasi ya kulehemu huyeyuka ghafla. Kwanza ni kijivu, kisha inang'aa kama jicho linalolowa, na hapo mtu ana sekunde mbili au tatu za kuinua. Akikaa zaidi, chipu inaungua ndani kwa ndani. Kwa nje haionyeshi kitu. Angesema, "Samahani, imekwenda," na nani angemuuliza Sindano? Wangenunua chipu mpya, wangeiandika, na kilichokuwamo ndani ya ile ya zamani kingekwenda nayo. Wifi angewapigia wenye kadi zote ishirini na mbili na kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, na jina la Injinia lingeishia hapo. Yote hayo yalikuwa ndani ya pumzi moja ya hewa moto. Sindano aliyaona yote, waziwazi, kama kwenye lenzi.

Risasi ikang'aa. Akainua.

Chipu ilitoka nzima, safi, bila kuacha mguu wala kung'oa shaba. Akaiweka kwenye kitako cha kifaa cha kusomea na kumsogezea wifi yake bila kumtazama.

Wifi alisoma. Ilichukua dakika moja. Akaliita faili lake mwenyewe, akayaweka mawili sambamba, na mistari mirefu ya herufi na tarakimu ikawa myekundu kutoka juu hadi chini. Akainamia skrini. Akageuza ukurasa wa daftari, akarudi kwenye skrini.

"Hii si yangu," alisema polepole. "Hii sijawahi kuiona."

Upande wa pili kaka alikuwa anamhudumia mteja, wanabishana kuhusu kibodi. Wifi hakugeuka kumwangalia. Alimgeukia Sindano. Masikio ya Sindano yaliwaka moto.

"Ni yangu," alisema.

"Lini?"

"Mlipokwenda kiwanjani."

"Kwa nini, wifi?"

Sindano alikuwa na majibu mengi. Kwamba alitaka kusaidia, kwamba siku saba ni nyingi. Yote yalikuwa na chembe ya ukweli, na yote yalimchosha kabla hajayatamka. "Nilitaka nikushinde," alisema. "Mara moja tu. Mbele yake."

Wifi aliitazama chipu iliyokuwa kwenye kifaa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ungeweza kuiunguza hii chipu sasa hivi. Nisingejua maisha."

"Sijawahi kuunguza chipu," Sindano alisema, na akajisikia anavyosema kwa hasira, kama mtu aliyetukanwa.

Wifi akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Kilimtoka kama kikohozi, na nusu yake kikageuka machozi. Akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Jana nililia hadi kichwa kikauma. Nikajiambia mimi ni mtu wa kuharibu vitu vya watu. Na wewe ulikuwa chumba cha pili."

"Nilikusikia."

"Ulinisikia." Wifi alilirudia neno hilo kana kwamba analipima uzito. Kisha akakivuta kifaa. "Kwanza kadi iamke. Hayo mengine yana siku yake."

Akaiandika programu sahihi. Sindano akairudisha chipu mahali pake, mguu baada ya mguu, mkono umetulia kuliko siku zote. Walipoiwasha, picha ilikuja.

Kaka alikuja mbio kutoka upande wa pili, akashika kichwa, akashukuru mbingu. Halafu, kwa furaha tu, bila ubaya, akamgeukia mkewe na kusema, "Umeona sasa? Msikilize wifi yako siku nyingine. Vitu usivyovijua uviache."

Wifi alitazama chini. Angeweza kusema, hakusema. Sindano alingoja kidogo, akitumaini kwamba atasema, kwa kuwa kushtakiwa ni rahisi kuliko kujishtaki. 

"Kaka," alisema, "si yeye. Ni mimi niliyeiua."

Alimweleza yote akiwa amesimama, pamoja na lile "nilionya". Kaka alimsikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti. Alichukua funguo mezani, akazirudisha, akatoka nje, na wakamwona kupitia dirishani amesimama kando ya barabara amelipa jengo kisogo.

Lakini saa zilikuwa zinakwenda, na filamu ilihitaji siku saba, na zilizobaki zilikuwa pungufu ya hizo. Hapo Sindano aligundua jambo ambalo angeligundua mapema kama asingekuwa anaitazama kadi ile kwa kijicho. Joto. Ikiwa imechemka, kadi ilijipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Breki alizoziondoa wifi kwa programu zilikuwa zinarudi kwa mlango wa nyuma. Aliifungua, akakwangua utandu mkavu uliokuwa kati ya chipu kubwa na chuma chake cha kupoozea joto, akapaka mpya, akapachika vipande vya shaba juu ya chipu za kumbukumbu na kuunga feni mbili za ziada. Wifi alisoma namba za joto naye akarekebisha, wakifanya kazi bega kwa bega bila kuongea neno lisilo la kazi. Kadi ikashuka digrii kumi na nne, na kasi ikakaa ilipowekwa. Bado walipungukiwa nusu siku. Wifi akaikata sehemu ya maegesho ya magari, na mkandarasi, alipoletewa filamu asubuhi ya kikao, hakugundua kwamba maktaba yake haina pa kuegesha. Alishinda zabuni ile.

Nyumbani hapakutengenezeka kwa haraka hiyo. Kwa wiki tatu kaka hakumwambia mdogo wake zaidi ya "asante" na "karibu chakula". Bodi zenye kazi ndogo aliziacha mezani kwake zikiwa na kikaratasi, kama anavyofanya mtu na fundi wa duka jingine. Mama aliuliza nani amekufa humu ndani. Kisha akaamua kwamba ni mambo ya kompyuta. Wifi naye hakuwa malaika. Alizihamishia kazi zake za kuflashi chumbani kwake, akanunua betri yake, akafunga mlango. Sindano akarudishiwa kiti cha dirishani asubuhi hadi jioni, na akakikalia kama mtu aliyerudishiwa nguo yake ikiwa imelowa.

Siku ya ishirini na kitu, mvua inanyesha na hakuna mteja, mlango wa chumbani ulifunguka. Wifi alikuja na bodi chakavu mkononi na pasi ya kulehemu ambayo haijawahi kutumika, bado ina karatasi ya dukani.

"Sijakusamehe yote," alisema. "Lakini sitaki kila chipu ikigoma nije kukuomba mkono. Nifundishe."

Sindano alimvutia kiti. Akamwonyesha jinsi ya kushika pasi, jinsi ya kuisubiri risasi ing'ae. Wifi aliinama, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, na akaunguza mguu wa kwanza. Akaunguza wa pili. Wa tatu akauunganisha na wa nne na wa tano kwa tone moja kubwa la risasi kama la nta. 

"Tena," Sindano alisema.

Akaharibu tena. Sindano alimwelekeza kwa upole kabisa, na moyoni alikuwa na furaha kubwa, furaha ya kijicho kitupu, isiyo na haya. Siku ile nzima hakuionea aibu. Ilipofika jioni wifi alikuwa ameua bodi tatu, na kaka, aliyekuwa akijifanya anasoma karatasi za dhamana, alisogea akasimama nyuma yao wote wawili, akaanza kupumulia puani.